UZI: Nimechora barua pepe zote za nyumba ya wageni ya shangazi yangu Jambiani, tuone zinatoka wapi hasa

Mleta uzi, Jambiani

Assalaam alaykum wakuu. Uzi huu mrefu, lakini naomba muusome wote, khasa nyinyi mnaopokea oda na malipo kwa barua pepe.

Mwaka jana, masika yakiwa yanamalizika, shangazi yangu alilipa shilingi milioni moja na laki nane za magodoro ambayo hayakufika mpaka leo. Barua ilikuja kwa jina lile lile la muuzaji wetu wa Dar, salamu zile zile, na hata lile "Bi Mkubwa" analomwita lilikuwamo. Kilichobadilika ni akaunti ya benki tu. Siku ya tatu nilipoifungua kwenye laptopu ndipo nikaona anwani ina herufi moja zaidi, n mbili mahali pa n moja. Kwenye simu huoni. Simu inakuonyesha jina, anwani imejificha nyuma yake.

Lile "Bi Mkubwa" ndilo lililonikosesha usingizi. Aliyeandika alikuwa ameshasoma barua zetu za nyuma, ama huku kwetu ama kule kwa muuzaji. Nikabadilisha nywila zote usiku ule, kisha nikajiuliza: hii barua imepita wapi mpaka ikafika? Na zile nyingine zote, za miaka sita, zilipita wapi?

Nikaomba Google nakala ya kisanduku chote kwa Takeout. Inakuja faili moja kubwa ya mbox, barua zote zimepangwa moja chini ya nyingine kama daftari. Yetu ilikuwa zaidi ya GB nne, nikaishusha usiku kwa bando la usiku. Kazi yote iliyobaki nimeifanya kwa Python, lugha ya kuandikia programu, na mtandao haukuhitajika tena isipokuwa kwa ramani.

Sasa jambo la msingi. Kila barua pepe ina sehemu ya juu usiyoionyeshwa. Kwenye kompyuta, fungua Gmail, bonyeza nukta tatu pembeni ya barua, chagua kuona barua asilia. Utakuta mistari mingi inayoanza na neno Received. Hiyo ni mihuri. Kila seva (kompyuta ya kupitishia barua) inayoipokea barua inagonga muhuri wake JUU ya ile iliyotangulia. Kanuni hii aliiandika Jon Postel mwaka 1982 katika RFC 821, waraka wa kanuni za barua pepe, na mpaka leo ndiyo inayofuatwa.

Fikirini kifurushi kinachotoka Wete kuja Jambiani. Mwenye gari wa Wete anabandika kijikaratasi. Bandarini Mkoani wanabandika cha kwao juu yake, kikishuka bandari ya Malindi hapa Unguja kinabandikwa kingine, na dereva wa Jambiani naye chake. Ukitaka kujua safari yake unabandua kutoka juu kwenda chini. Kile cha chini kabisa kiliandikwa na mtu wa mwanzo, na kama ni muongo basi kijikaratasi nacho ni uongo. Cha dereva wako unayemjua hawezi kukiandika mtu mwingine.

Muhuri mmoja unafanana hivi (anwani nimeweka ya mfano):

```
Received: from mail.duka.example (unknown [203.0.113.25])
        by mx.google.com with ESMTPS;
        Tue, 14 May 2024 03:12:40 -0700 (PDT)
```

Jina lililofuata "from" ni lile seva ya mtumaji ilivyojitaja yenyewe. Inaweza kujiita jina lolote. Nambari iliyo ndani ya mabano ya mraba ndiyo anwani ya IP, yaani nambari ya mashine kwenye mtandao, ambayo Google iliiona kwa macho yake wakati barua inakabidhiwa. Shikeni hiyo nambari. Jina liacheni.

Na tahadhari: ile -0700 mwishoni si saa ya mtumaji. Ni saa ya seva ya Google, ambayo inagonga mihuri yake kwa saa za California hata kama barua imetoka Makunduchi kwenda Kizimkazi. Hiyo 03:12, yaani saa tisa usiku kule, hapa kwetu ilikuwa saa saba na dakika kumi na mbili mchana, shangazi anapakua wali. Saa ya mtumaji inakaa kwenye mstari wa Date.

---

Mdau wa Mwanakwerekwe

Kwani ukishaipata IP si unaiweka tu kwenye ramani unajua mtu alipo? Mbona unazunguka?

---

Mleta uzi

Ndugu yangu, hapo ndipo nilipopoteza wiki mbili, kwa hiyo nakujibu kwa urefu.

Nilichukua hifadhidata ya GeoLite2 ya kampuni ya MaxMind. Ni bure, ila tangu mwisho wa 2019 lazima ufungue akaunti kwao ndipo uishushe. Inachukua IP inakupa nchi, pengine mji, na latitudo na longitudo. Nikachora kwa folium, zana ya Python ya ramani, kila sehemu duara, ukubwa wa duara ni wingi wa barua.

Duara la kwanza kwa ukubwa lilikaa Marekani. Wageni wetu wengi ni Wataliano, Wajerumani na watu wa Afrika Kusini, Wamarekani wachache. Lakini wanaandika kwa Gmail, na anayeandika kwa Gmail kupitia kivinjari, IP yake haitokei kwenye barua. Inatokea ya seva ya Google. Zamani huduma kadhaa za barua ziliandika IP ya mtumaji kwenye mstari wake maalumu, sasa nyingi zimeacha, na kwa faragha ya watu naona wamefanya vizuri.

Duara la pili lilikaa katikati ya Tanzania bara, porini upande wa Manyoni. Nikakaa nikilitazama. Nani anatuandikia kutoka huko kila wiki? Nikafungua moja moja: muuza samaki wa Mjini, fundi wa majenereta wa Fuoni, wakala wa tiketi za boti. Wote ni wa hapa hapa Unguja! Kumbe hifadhidata isipojua mji inarudisha katikati ya nchi. Nyuzi 6 kusini, nyuzi 35 mashariki. Hakuna mtu pale, kuna "ni Tanzania, zaidi ya hapo sijui" iliyovalishwa sura ya mahali.

Jambo hili limewahi kuumiza watu. Mwaka 2016 iliandikwa habari ya shamba moja karibu na Potwin, jimbo la Kansas. MaxMind walikuwa wamechagua kiwakilishi cha katikati ya Marekani, kikaangukia uani kwa watu. Zaidi ya anwani za IP milioni 600 zilikuwa zinaonyesha nyumba ile. Kwa miaka watu walikuwa wakienda pale kutafuta wezi na matapeli, na polisi nao wakaenda. Baadaye kampuni ikahamishia nukta hiyo majini.

Kwa hiyo ukichora ramani, chora na ujinga wake. GeoLite2 inakupa kitu kinaitwa accuracy_radius, yaani kwa kilomita ngapi huenda imekosea. Mimi sasa sichori nukta, nachora mduara wa kilomita hizo. Barua za Tanzania zinatoka zimefunika nusu ya nchi pamoja na bahari, na huo ndio ukweli wake. Hata barua niliyojitumia mwenyewe kutoka Michenzani ilinionyesha Dar es Salaam.

---

Mdau wa Wete

Mkuu weka msimbo. Mimi nashughulika na mwani, wanunuzi wetu wote ni kwa barua pepe na pesa zenyewe si za mchezo.

---

Mleta uzi

Karibu Pemba. Huu hapa:

```python
import mailbox, re, ipaddress
from email.utils import parseaddr
import geoip2.database

msomaji = geoip2.database.Reader("GeoLite2-ASN.mmdb")
sanduku = mailbox.mbox("barua.mbox")

def toa_ip(muhuri):
    for neno in re.findall(r"\[(\d+\.\d+\.\d+\.\d+)\]", str(muhuri)):
        try:
            if ipaddress.ip_address(neno).is_global:
                return neno
        except ValueError:
            pass

orodha = []
for barua in sanduku:
    for muhuri in barua.get_all("Received") or []:
        if "by mx.google.com" in str(muhuri):
            ip = toa_ip(muhuri)
            if ip:
                try:
                    mwenye = msomaji.asn(ip).autonomous_system_organization
                except geoip2.errors.AddressNotFoundError:
                    mwenye = "haijulikani"
                jina, anwani = parseaddr(str(barua["From"]))
                orodha.append((jina, anwani, mwenye, barua["Date"]))
            break
```

Tazama ninachotafuta: muhuri uliogongwa na mx.google.com, yaani pale barua ilipokabidhiwa kwa Google. Huyo ndiye dereva wangu wa Jambiani. Kama kisanduku chako si cha Gmail, weka jina la seva yako wewe. Ile is_global inaruka anwani za ndani kama 192.168 na 10, ambazo kila nyumba inazo. Usiujaribie msimbo kwa ile 203.0.113.25 niliyoandika juu, Python inajua kuwa ni ya mifano na itairuka.

Tena sikutumia hifadhidata ya miji. Nimetumia ya ASN, inayosema mtandao huu ni wa nani. Mji unabahatisha. Mwenye mtandao ni kitu kilichoandikishwa, kwa Afrika kinaandikishwa AFRINIC, shirika linalogawa anwani za IP, kwa hiyo kinasimama imara zaidi.

Sasa mchoro uliobadilisha kazi yetu. Usipange kwa anwani. Panga kwa JINA. Kila jina mstari wake, chini ni tarehe, kila barua nukta moja, rangi ya nukta ni mwenye mtandao. Nilipopanga kwa anwani, yule tapeli alikuwa na mstari wake peke yake wenye nukta moja, amepotea kati ya mamia ya wageni walioandika mara moja tu. Nilipopanga kwa jina, akaingia kwenye mstari wa muuza magodoro. Nukta sitini na moja za kijani, zote kutoka mtandao ule ule, miaka minne. Halafu moja nyekundu.

Nilimwita shangazi nikamwonyesha. Hajui Python, hajui IP ni nini. Aliweka kidole kwenye ile nukta akasema, "Huyu si wao."

Alichukua sekunde mbili. Barua moja ukiitazama peke yake inaweza kukudanganya kila kitu: jina, salamu, nembo, saini. Lakini haiwezi kudanganya mazoea ya miaka minne, kwa sababu mazoea hayo yameandikwa na seva zisizojua kwamba siku moja utazichora.

---

Mdau wa Mwanakwerekwe

Sawa nimekuelewa. Ila si kuna hizi SPF na DMARC, vipimo vya kukagua kama mtumaji ni halali? Gmail yenyewe inakagua, mbona ilimpitisha?

---

Mleta uzi

Swali zuri sana. Kwenye barua asilia kuna mstari wa Authentication-Results. Ile barua ya uongo imeandikwa spf=pass, dkim=pass, dmarc=pass. Imefaulu zote.

SPF inauliza: je, kikoa hiki (jina linalofuata @) kimeiruhusu seva hii kutuma kwa niaba yake? Tapeli alinunua kikoa chake chenye n mbili, akairuhusu seva yake. Hakusema uongo mbele ya SPF. Ni sawa na mtu kukuonyesha kitambulisho halali kabisa, ila si cha yule unayemdhania. Vipimo hivi vinazuia mtu asitumie anwani ILE ILE ya muuzaji, na kwa hilo vinafaa mno. Tangu Februari 2024 Google na Yahoo wamewalazimisha wanaotuma barua kwa wingi wawe navyo. Kwa anwani inayofanana na nyingine, havina jibu.

---

Mdau wa Fuoni

Regex yako, ile ruwaza ya kutafutia IP, inasoma IPv4 tu, anwani za mfumo wa zamani. Mihuri mingi siku hizi ina IPv6, mfumo mpya. Ukiacha hivyo unapoteza barua kimya kimya bila kujua.

---

Mleta uzi

Kweli kabisa, ahsante. Nimehesabu sasa hivi, zilizokuwa zinaruka si chache. Mstari wa regex uwe hivi:

```python
re.findall(r"\[(?:IPv6:)?([0-9a-fA-F:.]+)\]", str(muhuri))
```

ipaddress inazijua zote mbili, na GeoLite2 pia. Wadau, kila mara hesabuni barua ngapi zimeingia kwenye sanduku na ngapi zimetoka kwenye orodha. Mimi sikuhesabu.

---

Bi wa Shangani

Nina suali, tena naomba ulijibu kwa uwazi. Mimi nafanya kazi ya kupokea wageni mwaka wa kumi na mbili huu. Barua zao zina pasipoti, zina magonjwa yao, zina fungate zao. Wewe umeshusha zote kwenye laptopu na unazipitisha kwenye programu. Wao wamekubali?

---

Mleta uzi

Dada, umesema kweli na nimelifikiria. Msimbo huu hausomi mwili wa barua wala viambatisho. Unasoma mihuri, mstari wa From na mstari wa Date, basi. Kila kitu kinafanyika ndani ya laptopu, hakuna tovuti niliyoipandishia faili, na nawasihi msifanye hivyo hata siku moja. Zipo tovuti zinazokwambia leta mbox yako tukuchambulie. Hapana. Nilipomaliza nilibakiza ile orodha ya safu nne na kuifuta mbox, maana barua zenyewe bado ziko Gmail. Na ramani yenye majina ya wageni siitundiki hapa wala popote.

---

Bi wa Shangani

Nimeridhika. Basi nifundishe na mimi, lakini nataka kujua wageni wanatuandikia saa ngapi, ili nijue nani akae mapokezi.

---

Mleta uzi

Hilo ndilo lililonifurahisha kuliko yote, na wala halihitaji IP.

```python
from email.utils import parsedate_to_datetime
t = parsedate_to_datetime(barua["Date"])
pengo = t.utcoffset()
saa_yetu = (t.astimezone().hour + 6) % 12 or 12
```

Pengo ni tofauti ya saa ya mtumaji na saa ya dunia. Sisi ni +0300 mwaka mzima. Mtaliano na Mjerumani ni +0100 wakati wa baridi yao na +0200 wakati wa joto, Afrika Kusini +0200 daima. Kwa hiyo mgeni aliyejificha nyuma ya seva ya Google kule Marekani, saa yake mara nyingi inamtaja kuwa yuko Ulaya. Zipo programu zinazoandika +0000 kwa kila mtu, na ukikuta -0000 maana yake barua haisemi saa ya mtumaji. Hizo ziweke pembeni. Kompyuta yako nayo hakikisha saa yake imewekwa ya Afrika Mashariki, maana astimezone inaifuata hiyo.

Mstari wa mwisho unaigeuza saa kuwa ya Kiswahili. Nilichora kwanza kwa saa za kizungu, shangazi akasoma 7 akaelewa saa saba mchana. Nikageuza mhimili wote uanze saa kumi na mbili alfajiri, usiku uwe upande wa kulia, na akausoma mwenyewe bila mimi kusema neno. Barua za Ulaya zinajaa kati ya saa mbili na saa tano usiku, watu wametoka kazini wanapanga likizo. Sisi tulikuwa tunazijibu asubuhi. Sasa binamu yangu anakaa na simu mpaka saa tano.

Kwa miezi, Aprili na Mei mchoro unalala chini kama bamvua iliyotoka, kisha unapanda Juni. Hilo kila mtu wa pwani analijua bila kompyuta. Nililokuwa silijui ni kwamba walioandika Januari kwa ajili ya Agosti ni wengi kuliko walioandika Juni, na sisi Januari tulikuwa hatujaweka hata bei mpya.

---

Mwalimu wa skuli, Chake Chake

Nimefurahi na hii ya mihuri. Wanafunzi wangu wanajua kutuma barua pepe lakini hawajawahi kuona ndani yake. Mbox ya kila mtu siwezi kuitumia darasani. Unashauri nini?

---

Mleta uzi

Mwalimu, fungua kisanduku kipya cha darasa, kila mwanafunzi akitumie barua moja kutoka mahali tofauti: maabara, nyumbani, simu ya mzee, mtandao huu na ule. Wakati wa kutuma aandike kwenye daftari alikuwa wapi. Halafu chora ramani na mlinganishe na daftari. Watajionea wenyewe ni wangapi wa Chake wametokea Dar, wangapi Manyoni, wangapi California. Ukiwaambia kwa mdomo hawataamini.

---

Mdau wa Wete

Wakuu nimerudi. Jana usiku umeme ulikatika mara mbili lakini nimemaliza. Nimepanga kwa majina kama ulivyosema. Wanunuzi wetu wote mstari safi, isipokuwa mmoja, mkubwa kuliko wote: mpaka Februari rangi moja, kuanzia Machi rangi nyingine kabisa. Nukta kumi na tisa nyekundu. Anwani ni ile ile, herufi kwa herufi. Tunamdai na yeye anatudai. Mikono inatetemeka.

---

Mleta uzi

Usimjibu kwa barua. Mpigie kwa nambari ya zamani, ile uliyokuwa nayo kabla ya Machi, si iliyoandikwa chini ya barua. Nukta nyekundu si hukumu. Moja katikati ya kijani inatisha. Kumi na tisa mfululizo, anwani haikubadilika, huenda ni jambo jingine.

---

Mdau wa Wete

Nimempigia, kapokea mwenyewe. Wamehamisha barua zao kwenye kampuni nyingine mwezi wa tatu. Nikamsomea nambari ya akaunti tuliyonayo, tarakimu moja moja, akasema ni ile ile. Zile kumi na tisa nimezipa rangi ya kijani kibichi, na nimeweka mstari wa wima Machi nimeandika "wamehama".